Mama, Chujio la Moshi na Chai za Njiani

Wenzangu wa sauti ya pili, tangu nirudi mazoezini hamnipi nafasi hata ya kusafisha koo. Kila mmoja ananivuta pembeni: mlipotelea wapi? Mbona mlisema jioni mtakuwa Mbale, na kesho yake mchana bado simu zenu zilikuwa hazishikiki? Nimempa kila mtu kipande chake, na sasa vipande vimekutana huko nje vikazaa hadithi ambazo mimi mwenyewe sizitambui. Nimesikia gari liliungua. Nimesikia Mama alilazwa Nakuru. Basi nimeandika mara moja, msome, mniache niimbe.

Wale wageni wa kwaya ambao hawamjui Mama, ni huyu aliyekuwa akiishi nami mtaa wa Tena, Nairobi, na kukaa kiti cha karibu na mlango kanisani ili apate hewa. Kwa miaka mingi alikaanga samaki kando ya Spine Road, Kayole, karibu na kituo cha matatu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipostaafu alirudi kwetu Mbale, juu ya Kisumu, akajenge, na Mama amfuate mwezi unaofuata. Mwezi huo ndio kifua cha Mama kilifunga. Kliniki ikamshika, mwezi ukawa miaka, na wazee wangu wakawa ni wa kusalimiana kwa simu kila jioni baada ya taarifa ya habari, Baba akimsimulia ng'ombe amekula nini.

Mwaka huu daktari alisema anaweza kwenda, ila moshi akae nao mbali, wa gari na wa jikoni. Mimi, mkali kama mnavyonijua, nikaweka sharti langu. Nikamwambia, "Mama, kifua kikifunga, iwe njiani au nyumbani, tunarudi na wewe Tena na hatujadiliani tena." Alikubali huku akikunja nguo, bila kuniangalia usoni.

Tena hadi Kayole

Gari lilikuwa la Ezra, kitinda mimba wetu. Ni vani ya dizeli iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu, na kazi yake ni kusambaza mikate madukani, Kayole, Kware, hadi Pipeline. Mbele inakaa watatu, nyuma ni kreti, na ndani inanukia mkate hata siku isiyobeba mkate. Tuliichagua kwa sababu moja tu: haitoi moshi. Kwenye ekzosi yake kuna chujio, mkebe wa chuma unaonasa masizi yasitoke nje. Ukifuta mdomo wa ekzosi kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinabaki cheupe. Nilijaribu kwa leso yangu mwenyewe, kwa hiyo hili nalisema bila kuambiwa.

Kabla ya kuondoka tulipitia kwa Mutiso, fundi wake Ezra pale Kayole, aangalie breki. Mutiso alizunguka gari, akapiga mkebe ule kwa spana kama mtu anayebisha hodi.

"Ezra, hii filta si uniachie niitoe leo leo?" alisema. "Nakata mkebe, natoa nyama ya ndani, nachomelea tena. Hakuna mtu atajua. Gari itakuwa nyepesi, itavuta, na haitakunywa mafuta hivi."

"Iko sawa tu," Ezra alijibu.

"Iko sawa wapi, na iko karibu kujaa? Skiza, buda. Hii kitu inachoma masizi yake yenyewe, lakini inataka barabara ndefu, gari ikimbie ipate moto. Wewe kazi yako ni kuwasha na kuzima, duka hadi duka. Itapata moto saa ngapi? Wenye magari ya hii barabara karibu wote nimewatolea na hakuna amerudi akilia. Utapanda Mau na mathe ndani, na hii kitu ikuzimikie huko kwa baridi?"

Nawaambia ukweli, maneno yake yaliniingia. Hakuwa mjinga wala mwongo. Ezra naye alijikuna kichwa.

"Na moshi?" akauliza.

"Moshi inaenda nyuma. Wewe uko mbele."

Mama alikuwa ameketi ndani, kioo kimeshushwa. Alitoa kichwa polepole. "Fundi," alisema, "huko nyuma ndiko nilikokuwa nakaanga samaki."

Hakusema kwa ubaya. Hata alitabasamu. Mutiso alimtazama, akatazama kituo cha matatu ng'ambo ya barabara, halafu akaweka spana chini. "Pole, mathe," alisema, akarudi kwenye breki zake. Chujio lilibaki mahali pake.

Kangemi hadi Naivasha

Sasa mnajua desturi zetu sisi watu wa magharibi. Huwezi kupita mlango wa mtu wako kimyakimya kama mwizi wa kuku. Ukijulikana ulipita bila kusalimia, hiyo kesi itasomwa kwenye matanga ya watu ambao hata hawajaugua. Mama alikuwa amejipanga. Nyuma kulikuwa na mikate yenye majina ya watu kichwani mwake, na majina hayo yalianza Kangemi.

Kangemi tulimpitia Mama Rebeka, aliyekuwa jirani yetu zamani. Chai, mandazi, maombi, na maombi ya Mama Rebeka hayana breki. Tulipotoka nikaona taa ndogo ya manjano imewaka mbele ya usukani, picha ya kimkebe chenye vitone ndani.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ya kawaida," Ezra alisema. "Gari linajisafisha."

Nikaridhika. Mtu akikuambia kitu kinajisafisha, utabishana nini naye?

Tulishuka bonde kwa furaha. Mama alikuwa akihesabu vilima, akisema Baba alimwonyesha kila kimoja walipokuwa wachumba, wakisafiri kwa gari moshi la daraja la tatu. Alipumua vizuri. Mara mbili nilijifanya nimelala ili niweke sikio karibu na kifua chake.

Naivasha anakaa binamu yetu Jairo, anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua. Tulisimama kumpa mkate wake tu. Lakini Jairo, alipoambiwa kwa simu kwamba Mama "anapitia", alisikia kwa masikio ya mtu aliyekaa mbali na kwao. Tulikuta amehamisha watoto kwa jirani, kitanda kimetandikwa shuka jipya, na mkewe anasonga ugali wa kulisha harusi. Ungemwambiaje kwamba tunakwenda? Tulikula.

Ezra alikuwa ameliacha gari nje likinguruma. Nilidhani amesahau. Baada ya muda tukasikia kelele. Mngurumo ulikuwa umepanda, joto linatoka chini yake, na harufu kama ya pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Majirani wa Jairo wamelizunguka. Mzee mmoja mwema tayari alikuwa na beseni la maji ya kufulia.

"Linaungua! Mnakula na gari linaungua!"

Alilimwagia maji gurudumu la nyuma pamoja na suruali ya Jairo iliyokuwa bado ndani ya beseni. Ezra alikimbia akazima injini ili watu watulie. Alisimama pale na funguo mkononi, uso wake umenyong'onyea kuliko nilivyoona sababu. Mimi nilikuwa nacheka mpaka nashika ukuta. Hadithi ya gari kuungua, basi, ilianzia hapo.

Nakuru na mlima wa Mau

Nakuru tulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi relini pamoja na Baba. Mama alisema, "Dakika moja tu, nimwambie naenda." Mzee alifurahi mno. Akatoa chai, kisha akatoa koti lake la kazi tulione, kisha akatusimulia treni iliyochelewa enzi hizo, na simulizi lenyewe likachelewa kuliko treni. Tulipoondoka, taa ya kimkebe ilikuwa inapepesa, na nyingine imewaka kando yake.

Mlima ulipoanza, tukiwa tumepita Salgaa, gari lilikataa. Halikuzima. Lilipunguza nguvu tu, likawa linatambaa. Ezra alikanyaga mafuta mpaka chini na lenyewe halijali. Malori ya mizigo, yale ambayo hata mtoto wa baiskeli huyapita, yalitupita sisi. Kila moja lilitupigia honi, na kila honi niliichukua kama tusi langu binafsi.

"Ezra," nilisema, "hiyo taa ni ya kawaida?"

Alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akasema, akiangalia barabara, "Ilikuwa inaomba tusisimame. Ikiwaka vile inataka gari liende, liende tu, mpaka imalize kuchoma masizi. Ukizima katikati, haimalizi. Tumeizima Naivasha, tumeizima Nakuru. Sasa imejaa, na injini imejipunguzia nguvu isijiumize."

Hapo nililipuka. Nilisema mambo ambayo sauti ya pili haipaswi kuyasikia. Nikasema afadhali Mutiso angeling'oa dude hilo akalifanye jiko la kuchomea mahindi. Ni ujanja gani huu wa wazungu na Wajapani, gari safi lisilopanda mlima? Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu Kangemi.

"Ningesemaje?" Ezra alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nimwambie Mama asisalimie watu wake kwa sababu ya ekzosi?"

Mama alikuwa kati yetu. Aliweka mkono wake juu ya goti la Ezra, akauacha hapo. "Mwanangu," alisema, "kunyamaza kwako ni heshima, lakini heshima hiyo imetuweka porini." Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu. Nilijaribu kuendelea kukasirika na nikashindwa.

Molo

Tulitambaa hadi karakana moja karibu na njia ya Molo, jua likianza kuinama. Huko baridi haiulizi mwezi. Fundi wa hapo, bwana mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, alichomeka kompyuta ndogo chini ya usukani, akaisoma, akapuliza mashavu.

"Imeshiba," alisema. "Nitailazimisha ichome ikiwa imesimama. Lakini itatoa joto na moshi mweupe, na harufu. Huyu shosho mtoeni hapa."

Hebu nielewe, nikamwambia. Tumehangaika na chujio ili Mama asivute moshi, na sasa linataka kuutoa moshi wenyewe mbele yake?

"Ulidhani ulikuwa unauweka wapi?" alinijibu. "Takataka hata ukizifungia kwa pipa, iko siku utamwaga pipa."

Kando ya karakana kulikuwa na mwanamke anauza viazi, Mama Wambui. Hatukumjua, hakutujua. Alimwona Mama akitetemeka, akaacha viazi vyake bila mtu na kutupeleka nyumbani kwake, nyumba ya mbao nyuma ya kibanda. Alimketisha kitandani, akamfunika blanketi, halafu akafanya kile ambacho mwenyeji yeyote mwema wa sehemu za baridi hufanya. Aliwasha jiko la makaa nje, na kabla halijakolea vizuri akaliingiza ndani, akafunga dirisha.

Niliruka. Nililishika jiko lile kwa pindo la sweta nikalitoa nje bila kuomba ruhusa, nikarudi nikafungua dirisha wazi. Mama Wambui alinitazama na macho yake yakabadilika.

"Makaa yangu yana ubaya gani?" aliuliza. "Nyumba yangu ni ndogo, lakini hakuna mtu amewahi kufia humu."

Kabla sijajibu, Mama alikohoa. Mnakikumbuka kile kikohozi cha zamani, kinachoanza kifuani na kumalizika magotini. Nilitoa kipulizio chake cha dawa, akavuta, akavuta tena, na sote wawili tukasimama kumsubiri arudi. Aliporudi alisema, "Dada, nisamehe. Ni mapafu yangu hayana adabu."

Mama Wambui alichukua sufuria. Alitoka. Tuliposikia vishindo vyake tukajua anachemsha maji huko nje upande ambao upepo hauji. Alirudi na chupa za soda zimejaa maji ya moto, kila moja ameivisha soksi, akazipanga kumzunguka Mama, miguuni, ubavuni, mgongoni. Mama alilala katikati ya soksi zile kama yai. Nikimwombea mtu hadharani siku hizi na hammjui, ndiye huyo.

Nilirudi karakana kumwambia Ezra kwamba Mama ametulia. Gari lilikuwa linanguruma peke yake uwanjani, moshi mweupe unatoka, unanuka, unapita juu ya mashamba ya watu. Niliona aibu. Masizi yale yalikuwa ya Kayole na Kware, ya kila duka Ezra alilowasha na kuzima mbele yake, na tulikuwa tumekuja kuyamwaga kwenye viazi vya Mama Wambui. Nilikuwa karibu kumpigia Mutiso nimwambie ameshinda.

Ndipo pikapu moja ya dizeli ikatupita ikipanda mlima. Ilipumua moshi mweusi uliofunika barabara nzima, na nyuma yake kulikuwa na bodaboda iliyompakia mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Wote watatu, dereva wa boda, mwanamke na mtoto, walipotea humo ndani, kisha wakatokea upande wa pili wamefumba macho. Pikapu ilikwenda kwa nguvu sana. Kama Mutiso alivyosema, ilikuwa nyepesi na ilivuta. Sikupiga simu.

Stima zilipotea kabla kazi haijaisha, kompyuta ya yule bwana ikafa, na ndiyo maana tulilala huko, simu zetu zikiwa zimeisha chaji hadi tulipozichaji garini kesho yake. Asubuhi alisema amechoma nusu. "Nusu nyingine ichomeni na barabara. Taa bado inawaka. Mkianza, msisimame mpaka izime. Hata kwa kukojoa." Mama Wambui alitufungia viazi vya kuchemsha, na Mama akamwachia mkate uliokuwa wa mtu mwingine.

Kericho hadi Kiboswa

Safari hiyo Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wa taa. Aliikazia macho tangu tulipoondoka. Lakini Kericho hadi Ahero barabara inateremka, na gari linaloteremka halipati moto wa kutosha. Kisumu msongamano wa Kondele ukatushika. Taa ikaanza tena kupepesa.

Ezra hakunyamaza. "Mama, imebaki kilima kimoja, hiki cha kutoka Kisumu kupanda kwetu. Tukikipanda bila kusimama, itamaliza. Tukisimama, itatulaza njiani."

Hakuna aliyesema jina la Kiboswa. Kiboswa iko katikati ya kilima hicho, na Kiboswa anaishi Mama Mdogo, ndugu wa pekee wa Mama aliyebaki. Tangu juzi alikuwa amechinja. Hawakuwa wameonana tangu Mama augue. Niliangalia nje. Mimi ni hodari wa kutoa amri, lakini ile sikuweza kuitoa.

Mama alinyoosha mkono. "Nipigie mdogo wangu."

Nikapiga, nikamwekea simu sikioni. "Mdogo wangu," alisema, "toka usimame barabarani nikuone. Hatutasimama." Alisikiliza. "La, sijakasirika. Hakuna ubaya. Gari likisimama litakufa, na nikikaa njiani kifua kitafunga, na kikifunga huyu mtoto wako atanirudisha Nairobi. Unamjua." Hapo alinitupia jicho. "Simama tu nikuone."

Alikuwa amesimama mbele ya kituo cha mafuta, amevaa kitenge cha Jumapili, ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Ezra alipunguza mwendo kadiri alivyothubutu. Mama alitoa mkono wote nje ya dirisha. Mama Mdogo alikimbia kando yetu hatua chache, mama mzima na sufuria yake, akigusa vidole vya Mama, akiita kwa Kiluhya jina la utotoni ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Kisha akabaki nyuma.

Mama alirudisha mkono mapajani. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Ezra alikuwa analia pia na kuendesha, jambo ambalo si salama, nikamwambia hivyo, huku nami nikilia. Tulipofika karibu na Majengo taa ilizima. Hakuna hata mmoja aliyeshangilia. Na hatujakaa sana, tukasikia honi nyuma yetu: bodaboda, na juu yake Mama Mdogo ameketi upande, sufuria mapajani, anatupungia tuendelee, tuendelee.

Mbale

Nyumbani walikuwa wamejaa, shangazi, wajomba, wazee wa kanisa, na watu wanaojua tu kunusa kuku. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Jikoni wanawake walikuwa wamewasha meko yote, kuni mbichi za mkaratusi, na moshi ulitoka mlangoni, ukashuka, ukalala uani. Walikuwa wanampikia Mama. Ulikuwa ni upendo mtupu, na hata hivyo ulikuwa moshi.

Mama alishuka. Alipiga hatua mbili kuelekea kwa watu, akasimama, akashika kifua. Akakohoa. Kigelegele kilichokuwa kimeanza kikakatika.

Nilimwambia Ezra kwa sauti ya chini, "Mifuko usiishushe." Mama alinisikia. Aliniangalia, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mzazi wangu. Ilikuwa ni hofu, na aliyekuwa anaogopwa ni mimi.

Baba alikuwa amesimama mbele ya wote, amevaa suti, kofia mkononi. Amezeeka kuliko sauti yake ya simu. Hakuja kumsalimia. Alimpita Mama, akatupita sisi, akaingia jikoni.

Wale wa kwetu mnajua uzito wa neno hilo. Mzee kama Baba haingii jikoni, hata nyumba ikiwa na njaa. Wanawake walitoka mbio wakisema, "Mzee, jikoni? Mzee, unatafuta nini?" Tukasikia maji yanamwagika na moto ukilia, meko ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoka na mtungi mtupu, suti ina majivu mpaka viwikoni.

"Ugali ulikuwa haujaiva!" shangazi mkubwa alipaza sauti. "Wageni watakula nini?"

"Watakula kesho," Baba alisema. "Mimi sikungoja wageni. Nilimngoja huyu."

Alimshika Mama mkono, akampeleka nyuma ya nyumba upande unaotoka upepo, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akapiga goti moja, na suti yake, akaanza kumpepea kwa kofia. Alipepea tu, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Nilimpa Mama kipulizio chake, akavuta. Watu wote wa boma walisimama kimya wakisikiliza mwanamke mmoja anavyopumua. Pumzi ilipiga mluzi, ikapiga mluzi mdogo, ikawa pumzi.

Wakati huo Mama Mdogo aliingia langoni, akazunguka nyuma ya nyumba na sufuria yake, matope mpaka kwenye kope. Aliona watu wamenyamaza, moto umezimwa, shemeji yake amepiga goti. Alisimama ghafla.

"Kuna nini?" aliuliza. "Jamani, kuna nini?"

Mama alichukua kofia mkononi mwa Baba, akaiweka kichwani pake sawasawa, akapangusa majivu begani mwake. Kisha akageuka akatutazama, mimi kwanza.

"Ezra," alisema, "shusha mifuko yangu."